Picha yako mtandaoni: mwenyewe ni nani?

Hoteli moja imetoa Instagram picha niliyoipiga ikaiweka kwenye tangazo lake. Sikuwa nimeisajili. Nina haki?

Unayo. Kenya, hakimiliki huanza picha inapopigwa. Kuisajili KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kunaongeza ushahidi tu. Na ni kwenye ushahidi watu hukwama. Tunza faili halisi kama lilivyotoka kwenye kamera, kwa maana picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza tarehe na aina ya kamera. Piga skrinshoti ya tangazo zima, anwani ya ukurasa na tarehe zikionekana, kabla hujawaandikia hoteli. Wakishapata barua yako, tangazo linaweza kutoweka siku hiyo hiyo. Mkifika mahakamani, skrinshoti hiyo itahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ilitolewa vipi na kwa kifaa gani.

Lakini wameandika jina langu chini yake.

Kutaja jina si kuomba ruhusa.

Tulimlipa mtu atupigie picha za harusi. Sasa anatangazia kazi yake kwa picha hizo.

Hapa wapiga picha wengi hushtuka: kwa kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo chomoa mkataba kwanza. Kama uliweka saini mahali palipoandikwa kwamba haki zote anabaki nazo yeye, hoja ya hakimiliki imekufa. Inabaki ya faragha, maana sura zenu ni data zenu, yaani taarifa zenu binafsi.

Mkahawa umeniweka Facebook nikila. Wanasema nilikuwa hadharani.

Kuwa hadharani si kukubali kuwa tangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inadai idhini yako kabla ya data yako kutumiwa kibiashara. Mwaka 2023 kilabu kimoja cha Nairobi kilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kosa la namna hii, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Waandikie waiondoe, uhifadhi barua na jibu. Wakikaidi, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Hulipi chochote, na sheria inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Faini haiingii mfukoni mwako, kwa hiyo andika waziwazi kwenye malalamiko kwamba unadai fidia chini ya kifungu cha 65, na ueleze umeumizwa vipi.