Maswali Yenu: Glavu za Boda na Vumbi la Mbao Lililogeuka Bluu

SWALI: Habari ya kazi. Mimi nashona glavu za watu wa boda huku Umoja. Shida yao ni moja, asubuhi kwa baridi mteja akipiga simu lazima avue glavu ndio ashike, skrini haisikii kidole. Mpwa wangu wa kampasi anasema kuna plastiki ya kupitisha stima inaweza kuvikwa kitambaa. Ni ukweli? Naweza kujifanyia kwa nyumba? – Fundi wa Umoja

JIBU: Ni ukweli mtupu, dada yangu. Plastiki tumezoea kuiona ikifunika waya ili stima isitupige, lakini mwaka 1977 Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha kwamba kuna polima, yaani plastiki ya minyororo mirefu ya molekuli, ukiinyang'anya elektroni kidogo inaanza kupitisha stima yenyewe, na 2000 wakapewa Nobel ya kemia kwa hiyo kazi.

Ya vitambaa inayotumika sana ni polipiroli. Kitambaa kinaloweshwa kwa maji baridi yenye piroli, kemikali inayoungana kuwa hiyo polipiroli, halafu inaongezwa feriki kloraidi, ile ile mafundi wa elektroniki wanatumia kula shaba kwa bodi za saketi. Feriki inachukua elektroni za piroli, molekuli zinaanza kushikana mpaka zinakuwa mnyororo mrefu, na hiyo minyororo inapenda kukaa kwa uzi kuliko kuelea majini, kwa hivyo kila uzi unavikwa wake pekee yake, hata zile za ndani. Kitambaa kinatoka cheusi tititi na bado ni laini, kwa sababu hiyo ngozi ya polima juu ya uzi mara nyingi haifiki hata maikromita 1, na unywele wa kichwa una kama 70 hivi. Hapa ndipo wengi wanaharibu: ukizidisha dawa polima inajiundia huko majini, inakuwa unga mweusi umekalia tu kitambaa, ukisugua unabaki kwa vidole.

Skrini nayo haitaki stima nyingi. Inachohitaji ni kitu kinachopitisha chaji kidogo kati ya kidole na kioo, na hiyo polipiroli inaweza bila shida hata kama imeachwa mbali sana na shaba.

Lakini kwa biashara yako mimi sikushauri. Glavu ya boda inafuliwa, na sabuni ya mche ina alkali, inatoa chaji hasi zinazokaa na mnyororo na kuufanya upitishe stima, na upitishaji unashuka kila ukifua. Jua na hewa pia zinaimaliza polepole. Na kwa nyumba usijaribu kabisa, piroli ina mvuke mbaya na inashika moto, hiyo ni kazi ya maabara yenye kabati ya kuvuta hewa. Agiza uzi wa nailoni uliopakwa fedha, shonea ncha ya kidole gumba na cha shahada, mishono iwe mingi na imekaribiana ndio skrini ione kitu kipana kama kidole, na upande wa ndani uzi uguse ngozi.

SWALI: Nilivika vumbi la mbao polianilini, plastiki nyingine ya kupitisha stima, kwa projekti, likatoka kijani safi. Nimelisuuza na maji ya mfereji mengi sana sasa limegeuka bluu na mita haisomi kitu. Nimeliharibu? – Mwanafunzi, Kasarani

JIBU: Hujaharibu kitu, tulia. Kijani ndiyo hali yenye asidi ndani, na hiyo ndiyo inapitisha stima. Maji mengi yameondoa asidi. Liloweke kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, vaa glavu na miwani, litarudi kijani, halafu safari ijayo suuza na asidi hiyo hiyo nyepesi badala ya maji matupu. Na kama projekti ni ya kusafisha maji ya viwanda vya ngozi, umechagua vizuri sana, polianilini inashika kromiamu 6, ile aina yenye sumu kali, na kuigeuza kuwa kromiamu 3 ambayo sumu yake ni kidogo, na hiyo kazi inaenda vizuri zaidi maji yakiwa na asidi, kwa hivyo pima pH (kipimo cha asidi) kabla hujaanza kupima kitu kingine.