Bastola ndogo ya kubeba kila siku: kipimo ni risasi tatu za kwanza

Ndugu uliyeuliza, salaam. Nimesoma maelezo yako: cheti chako cha silaha kimetoka, unataka bastola ndogo ya milimita 9 ya kukaa nayo kiunoni kuanzia asubuhi hadi unapofunga duka, na marafiki wawili wanakuvuta huku na huku. Mmoja anasema ipige risasi 50, isipokwama imefuzu. Wa pili anasema nunua jina kubwa, hayo majaribio ni kupoteza risasi. Mimi nabeba bastola hapa Mombasa tangu 2013, na katika muda huo nimekuwa na tatu. Naona wote wawili wamekosea, na nitakueleza kwa yaliyonipata.

Ya kwanza ilikuwa Ceska, ile CZ 75 fupi ya chuma kitupu. Polisi wetu wameibeba Ceska miaka mingi, ndiyo maana habari za Kenya hazikosi "bastola aina ya Ceska". Yangu haikunikwamia hata siku moja. Lakini tupu tu inakaribia kilo, na mimi kazi yangu ni ya kupanda na kushuka ngazi za stoo kutwa. Kaskazi ya Februari ikishika, nikaanza kuiacha kwenye sanduku la chuma nyumbani: leo, kesho, kisha wiki nzima. Nikaona heri nitafute ndogo nitakayoibeba kweli.

Hiyo ndogo sitaitaja jina, kwa sababu hadi leo siwezi kusema kama kasoro ilikuwa ya kiwanda au ya hiyo moja iliyonifikia. Ilikuwa nyembamba, ya risasi sita, haionekani hata chini ya shati la kawaida. Siku niliyoichukua nilikwenda nayo uwanja wa shabaha nikapiga risasi 150 mchana mmoja, na haikusita. Nikarudi nyumbani moyo mkunjufu.

Wiki tano baadaye nikarudi uwanjani moja kwa moja kutoka dukani, bastola ikiwa kiunoni kama kawaida. Nikapiga ya kwanza ikalia. Nikavuta ya pili, kimya. Slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi, ilikuwa imesimama nusu ya njia, na risasi imeinama mdomoni mwa chemba, pale inapokaa ikipigwa, haiingii wala haitoki. Nakwambia, nilisimama pale mbele ya karatasi ya shabaha nikawaza: ingekuwa usiku, kwenye geti la nyumba yangu, watoto wamo ndani ya gari, ingekuwaje?

Msimamizi wa uwanja, mzee aliyetumikia jeshi, akanisaidia kuifungua. Mafuta niliyopaka yalikuwa yamekauka. Nyuzi za fulana zilikuwa zimejibana chini ya kitako cha risasi kwenye magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Springi ya magazini ilikuwa na kutu ya rangi ya chai, jasho lilikuwa limeteremka mpaka ndani. Zile risasi 150 nilizipiga na bastola iliyotoka kwenye boksi, safi, imelainishwa, mikono yangu yote miwili ikiwa imara, mchana wenye upepo. Nilikuwa nimeijaribu bastola ambayo sikuwahi kuibeba.

Hapo ndipo nilipobadilisha namna ya kupima, na ndilo jambo ninalotaka ulishike. Ukija kuihitaji silaha hii, na Mungu akuepushe, hutapiga risasi 150. Utapiga ya kwanza, ya pili, pengine ya tatu, kutoka kwenye bastola iliyokaa kiunoni mwezi mzima ikinywa jasho na vumbi. Basi hizo ndizo za kupima. Kila ninapokwenda uwanjani siifuti, siipaki mafuta, sibadilishi magazini. Namweleza msimamizi kwamba naingia na silaha iliyojazwa, napewa nafasi, kisha napiga zile zile nilizokuwa nimezibeba. Baada ya hapo ndiyo nasafisha, nalainisha, na kufanya mazoezi mengine. Matokeo ya hizo za kwanza nayaandika peke yake kwenye daftari: tarehe, siku ngapi tangu kusafishwa, magazini namba ngapi, risasi za boksi gani. Tena unapata faida ya pili, risasi za kubeba hazizeeki kiunoni mwako.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu risasi kwetu si njugu. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti chenyewe hutaja idadi unayoruhusiwa kununua na idadi unayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja. Ushauri wa Wamarekani wa kupiga mia tano au elfu moja kabla ya kuiamini bastola ni mzuri kwao, wananunua kwa makasha. Sisi kila risasi lazima itufundishe kitu.

Kuhusu risasi 50 za rafiki yako: mpwa wangu anasoma takwimu chuoni, na siku moja nilimwonyesha daftari langu. Akanifundisha kanuni fupi. Ukijaribu kitu mara kadhaa kisikosee hata mara moja, gawanya tatu kwa idadi ya majaribio, utapata kiwango cha juu cha makosa ambacho bado kinawezekana, kwa uhakika wa asilimia 95. Risasi 50 bila kukwama, tatu gawa kwa 50, ni asilimia 6. Yaani bastola inayokwama mara sita katika kila risasi mia inaweza kabisa kupita mtihani wa rafiki yako. Ukitaka kusema kwa haki kwamba haikwami zaidi ya mara moja katika mia, unahitaji 300 safi. Mimi sikuzipiga kwa siku moja. Zilinichukua mwaka na miezi, kidogo kidogo, na hiyo ikawa bora, kwa sababu ndani ya mwaka huo bastola ilipita kwenye joto, mvua za masika, vumbi la safari za Voi, na uchovu wa mkono wangu mwenyewe.

Sasa kuhusu jina kubwa. Jina ni mwanzo mzuri, silikatai. Bastola ninayobeba leo ni Glock 19, umbo lililotoka 1988, magazini yake ya kawaida inabeba 15, na nimeichagua kwa sababu imetumiwa na watu wengi kwa muda mrefu kiasi kwamba tabia zake zinajulikana na vipuri vinapatikana. Lakini jina haliwezi kukueleza habari za magazini uliyopewa wewe, risasi ulizonunua wewe, wala mkono wako. Na kadiri bastola inavyokuwa ndogo, ndivyo mambo hayo yanavyozidi kuwa na nguvu. Slaidi ya bastola ndogo ni nyepesi na njia yake ni fupi. Ili kuizuia, springi ya kurudisha inabidi iwe ngumu. Slaidi inakwenda na kurudi upesi, na magazini ina nafasi finyu sana ya kuinua risasi inayofuata mpaka mahali pake. Kwenye bastola kubwa, springi ikichoka kidogo au mafuta yakipungua, mwenye silaha huenda asijue. Kwenye ndogo unajua hapo hapo. Ndiyo sababu springi za bastola ndogo hubadilishwa baada ya risasi chache kuliko za kubwa. Soma kijitabu cha yako uone kiwango, kisha daftari likuambie umefika wapi.

Mkono nao ni sehemu ya mashine. Slaidi hupata nguvu ya kurudi nyuma kwa sababu fremu, yaani mwili wa bastola, imeshikiliwa. Kifundo kikilegea, fremu inakimbia pamoja na slaidi, na ganda linashindwa kutoka sawasawa, utaliona limesimama wima dirishani. Ile ndogo yangu, hata baada ya kubadilishiwa springi ya magazini, ilikuwa ikipiga vizuri kwa mikono miwili na kukwama nikishika kwa kushoto pekee. Sasa fikiria mtu amekukamata mkono wa kulia. Kwa hiyo katika zile 300, tenga angalau 30 za mkono mmoja, kulia na kushoto, mkono ukiwa umechoka. Mpe pia mtu mwingine mwenye leseni aipige pale uwanjani mbele ya msimamizi. Ikikwama kwako tu, tatizo huenda ni mshiko. Ikikwama kwa kila mtu, usijilaumu.

Magazini zangu nimeziandika namba kwa rangi nyeupe chini, moja, mbili, tatu. Bila namba hutajua kamwe. Kukwama kwingi ambako watu huilaumu bastola kunafuata magazini fulani, na ukiiweka pembeni hiyo shida inakwisha. Kama inafuata boksi la risasi, badilisha risasi. Kama ganda linabaki chemba mara kwa mara na magazini zote, hapo tazama ule ukucha mdogo unaolivuta, kama una uchafu au umevunjika ncha, na hiyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni, si yako wala si ya fundi wa cherehani.

Risasi za kubeba na za mazoezi hazifanani. Zile zenye tundu kichwani zina mdomo mpana, na baadhi ya bastola zinazomeza za kichwa cha duara bila shida huzikataa. Kama ndizo unazobeba, ndizo unazopaswa kujaribu, hata kama inauma mfukoni.

Nina makosa mawili yangu mwenyewe ya kukuonya. La kwanza ni mafuta. Baada ya ile aibu ya kutu nilianza kuimwagia bastola mafuta kama cherehani. Yakashuka kwenye magazini, yakapenya pembeni ya fataki, ile ya kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi, na siku moja uwanjani risasi ikagoma: pini imegonga, alama ipo, baruti haikuwaka. Nikaiweka bastola ikielekea shabaha nikahesabu sekunde 30 kabla ya kuitoa, na wewe ufanye hivyo, kwani risasi inaweza kuchelewa kulia. Tone moja pale kijitabu kinapoonyesha linatosha, kisha futa. Chemba na magazini ziwe kavu.

La pili ni hili. Kila usiku nilikuwa natoa risasi ya chemba, na kila asubuhi naikoki ile ile. Baada ya miezi nikaisimamisha mezani kando ya nyingine, nikaona ni fupi. Kichwa kilikuwa kimesukumwa ndani ya ganda kwa kugonga mlango wa chemba kila siku. Risasi iliyofupika huweza kukataa kuingia, na mbaya zaidi, presha ndani yake hupanda kupita kiasi, hata ikaweza kuipasua bastola. Siku hizi silaha inaingia sandukuni ikiwa ndani ya ala yake, haiguswi. Nikilazimika kuitoa risasi chembani, naitia alama ya wino. Ikishapata alama mbili haibebwi tena, inakwenda kupigwa uwanjani. Na kila ninapoisimamisha kando ya nyingine nikaona imefupika hata kidogo, haiingii chembani kabisa, naipeleka kwa fundi.

Usimruhusu mtu akulainishie kifyatulio kwa kukata springi au kusugua vyuma. Nimemwona jamaa aliyefanyiwa hivyo, kifyatulio kikawa laini kama siagi, na fataki moja kati ya kumi haiwaki. Bastola ya kubeba ibaki kama ilivyotoka kiwandani.

Kuhusu ile ndogo: nilipoona imekwama mara tatu katika daftari, mara zote kwenye risasi za mwanzo, niliiachia kwa utaratibu wa kisheria na kumweleza wazi aliyeichukua kasoro yake. Msimamo wangu mpaka leo ni kwamba ikikwama mara moja na sababu nikaiona, narekebisha na naanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Ikikwama mara mbili bila sababu ninayoweza kuionyesha kwa kidole, siibebi.

Uliuliza pia kama magazini ipumzishwe kwa kutolewa risasi kila usiku. Hapana. Springi nzuri huchoshwa na kujazwa na kumwagwa mara nyingi, si kwa kukaa imebanwa. Magazini namba moja yangu hukaa imejaa mpaka siku ya uwanja, na katika daftari la mwaka jana na mwaka huu haina hata alama moja ya kukwama. Namba tatu ina mbili, na hiyo siku hizi haitoki uwanjani.