Mwanangu, nami nilichoka

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu sana. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Zamani kila barua ilianza hivyo hata kama mwandishi hakuwa na hofu yoyote. Leo nimeyaandika maneno hayo kwa maana yake.

Ujumbe wako wa sauti uliingia saa tano na nusu usiku. Uliniuliza: "Mama, ulikuwa unaingia zamu ya usiku, asubuhi unatupikia, unakwenda shamba, sikuwahi kukusikia unalalamika. Nguvu ulikuwa unazitoa wapi? Mimi nakaa tu ofisini na nimeisha kabisa." Nimeusikiliza mara tatu. Nyuma ya sauti yako konda alikuwa anaita Mbezi, nikajua saa hizo ndiyo kwanza unarudi nyumbani.

Nguvu hizo sikuwa nazo, mwanangu. Nilichoka mpaka nikakaribia kumdhuru mtu, nanyi sikuwaambia kwa kuwa mlikuwa wadogo.

Ulikuwa darasa la tatu. Ilikuwa zamu yangu ya sita mfululizo, na mchana wake sikulala, nilikuwa napalilia mahindi. Alfajiri nikawa napitisha dawa wodini. Nikamwekea mzee mmoja vidonge kwenye kikombe, nikampa na maji. Akavisogeza karibu na taa, akavitazama, akasema taratibu, "Binti yangu, vya jana vilikuwa vyeupe." Nikarudi kuangalia karatasi yake. Vile vilikuwa vya mgonjwa wa kitanda cha pili, vidonge vya kushusha sukari, na mzee yule hakuwa na kisukari. Nikavichukua. Nilikwenda kukaa stoo juu ya katoni ya dripu, mikono inatetemeka hata kalamu sikuweza kuishika.

Nilipomweleza msimamizi wa zamu nilitegemea kufokewa. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mara ya mwisho umelala lini?" Nikatafuta jibu, sikulipata.

Baada ya pale sikuongeza nguvu popote. Niliacha vitu. Shamba nikampa jirani tugawane mavuno. Ndiyo maana mwaka ule uliniuliza mbona tunanunua unga dukani. Nikashona kanga mbili pamoja nikaziba dirisha. Nikamwomba shangazi yako akupokee ukitoka shule, na mlango wangu usigongwe mpaka saa nane mchana. Watu walisema nimekuwa mvivu. Niliwaacha waseme.

Sasa na wewe. Hivyo vinywaji vya kopo unavyokunywa saa kumi jioni ili umalize hesabu, viache. Mtu akiwa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, ndiyo inayomfanya asikie usingizi. Kafeini iliyomo kwenye makopo hayo huziba mlango wake tu, usiisikie. Uchovu wenyewe uko palepale. Na kwa watu wengi, nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya muda wa saa tano hivi, kwa hiyo kopo la saa kumi bado lipo na wewe saa tatu usiku. Kisha unalala kwa muda wa saa nne tu na unaamka saa kumi na nusu kuwahi foleni. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na hakuna anayejizoesha kuishi na 4, ila anazoea kuchoka.

Kingine kilichonikera ni kwamba mwaka jana likizo hukuchukua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 kwa mwaka. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, saa nzima ya mapumziko ni yako, nawe unakula chapati huku unaandika. Sikwambii ukagombane na bosi. Omba likizo kwa maandishi, utaje tarehe.

Lakini kuna jambo ulilipitia harakaharaka mimi likanishtua: unapanda ngazi za ghorofa ya pili unahema na moyo unakwenda mbio. Usiliite msongo wa mawazo kabla hujapima. Hedhi yako ni nzito tangu uko sekondari. Nenda wakapime wingi wa damu, na uwaombe waangalie sukari na tezi ya shingo pia. Nimewaona wanawake wengi wakiambiwa wana mawazo, kumbe damu imekwisha. Wakati unasubiri, kula maini, dagaa na mchicha, na chai ya rangi usinywe pamoja na chakula, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Inywe saa moja au mbili baada ya kula.

La mwisho ni gumu kwangu kuliandika. Najua saa za ziada unazifanya kwa ajili ya bati la nyumba hii na ada ya mdogo wako. Ada ya muhula huu nimeongea na baba yako mdogo, ataibeba. Bati lisubiri. Nyumba inavuja upande wa jikoni tu, ninakolala ni pakavu, na ndoo ninayo. Usinitumie chochote mpaka mwezi wa kumi na mbili. Nikiona pesa imeingia nitairudisha, na makato ya kutuma utayalipa wewe.

Jumamosi asubuhi nenda kapime. Simu nitakuwa nayo mkononi tangu saa mbili.

Mama yako