Maswali ya Wasomaji: Bilauri za Baccarat

SWALI: Nimenunua bilauri mbili mnadani. Muuzaji aliniambia ni za Baccarat, Ufaransa, lakini hazina alama. Nitajuaje kama ni kristali kweli?

JIBU: Kukosa alama peke yake si ushahidi wa kughushi. Kiwanda cha mji huo wa Baccarat, ulio eneo la Lorraine kando ya mto Meurthe, kilianza mwaka 1764 na kutengeneza kristali tangu 1816, lakini alama ya kuchorwa kwa tindikali chini ya kila chombo ilikuja 1936. Kabla ya hapo kilitumia karatasi ya kubandika, nayo hutoka ikioshwa.

Usitegemee mlio wa kugonga kwa kucha; hata kioo cha kawaida kikiwa chembamba hulia vizuri. Pima uzito. Kristali ina oksidi ya risasi, asilimia 24 au zaidi, ndiyo maana ni nzito. Pima bilauri ikiwa kavu, tuseme ni gramu 450. Weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize bilauri kwa uzi hadi izame yote bila kugusa bakuli. Mizani ikisoma karibu 150, gawanya: 450 kwa 150 ni 3, hiyo ni kristali. Ikisoma 180 unapata 2.5, kioo cha dirishani hicho. Izamishe kiubavu kwanza hewa itoke. Povu likibaki ndani, kristali halisi itaonekana kioo cha kawaida. Kipimo hiki kinathibitisha kristali tu, si kiwanda.

SWALI: Kristali nyekundu ya Baccarat imepakwa rangi?

JIBU: La. Ni dhahabu kidogo iliyochanganywa humo humo, na wekundu hujitokeza kioo kinapopashwa moto tena.

SWALI: Chupa yangu ya kristali imeingia ukungu. Nifanyeje?

JIBU: Loweka ndani siki nyeupe na maji vuguvugu, nusu kwa nusu, saa chache. Ukungu ukitoka, ilikuwa chokaa ya maji. Usipotoka, kioo chenyewe kimelika, mara nyingi kwa mashine ya kuoshea vyombo, na hapo siki haisaidii kitu. Osha kwa mkono, wala usiitoe chupa kwenye maji ya moto ukaitia kwenye ya baridi. Divai mimina siku ya kuinywa. Ikikaa humo wiki kadhaa hufyonza risasi.