Barua kwa mwanangu: hiyo sio katuni

Mwanangu, meseji yako ya juzi nimeisoma mara mbili. Unauliza kama hakuna mtu aliyewahi kufika kwenye shimo jeusi, lile lenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, basi hizo simulesheni za kompyuta si ni katuni tu watu wamejichorea? Hapana mama, na nakuandikia kirefu maana hili jambo nalipenda mno.

Kwenye katuni mchoraji ndo anaamua. Kwenye simulesheni unaipa kompyuta milinganyo ya Einstein ya mvutano na hali ya kuanzia, basi, inapiga hesabu yenyewe hatua kwa hatua, na mara nyingi inagoma. Kugonganisha mashimo meusi mawili walianza kujaribu 1964, programu zikawa zinaanguka njiani miaka 40 na ushee mpaka mwanafizikia Frans Pretorius akafika mwisho 2005, yakaungana yakawa moja. Sasa 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO kule Marekani, ya kunasa mawimbi ya mvutano yanayotikisa anga lenyewe, ikanasa mtikisiko mfupi hata sekunde haufiki, wakaulinganisha na hesabu za kompyuta ukaingia mule mule, shimo moja lina uzito wa jua letu mara 36, jingine 29, yamezaa la 62. Jumlisha uone, jua 3 nzima zimegeuka mawimbi hayo!

Ila anayenigusa zaidi ni Mfaransa mmoja, Jean-Pierre Luminet. 1979 kompyuta yake ilikuwa ya kadi za matundu, ikampa namba tupu za jinsi shimo jeusi lingeonekana, akachukua wino akadondoa nukta moja moja kwa mkono wake mpaka picha ikatokea, duara jeusi na mwanga upande mmoja mkali kuliko mwingine, kwa sababu gesi ya upande ule inakuja kwetu kwa kasi ya ajabu. Miaka 40 baadaye, Aprili 2019, ikatoka picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87 iliyopigwa kwa darubini za redio, na upande mmoja unang'aa kuliko mwingine. Nilikaa kimya naitazama.

Pulsa, yale masalia ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutupa mawimbi ya redio, ndo bado zinawasumbua wanasayansi. Jocelyn Bell aliigundua ya kwanza 1967, ile ya Crab inazunguka mara 30 kwa sekunde, lakini yale mawimbi ya redio inayatoaje hasa bado wanabishana, kompyuta zinafuatilia chembe za umeme kwenye usumaku wake na jibu halijatulia.

Ukija likizo nitakuwekea mezani picha zote mbili, ya 1979 na ya 2019, uzitazame mwenyewe.

Baba yako