Kabla Hujatangaza Nafasi: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Rasilimali Watu

Anayeingia katika idara ya rasilimali watu ya kampuni kubwa hupokea malalamiko kabla hajapokea takwimu. Mkuu wa mauzo atakwambia kwamba wenye ujuzi hawapatikani. Mkuu wa uzalishaji atasema vijana wa siku hizi hawadumu kazini. Mkurugenzi wa fedha ataona gharama za mishahara zinapanda ilhali tija imesimama palepale. Yote matatu huenda yakawa kweli, lakini kila lalamiko hukujia likiwa na dawa yake tayari: tangaza nafasi, andaa mafunzo, punguza watu. Miaka niliyokaa katika kazi hii imenizoeza kuipokea dawa hiyo kwa adabu na kuiweka kando mpaka nijue ugonjwa ulianzia wapi, kwa sababu upungufu wa watu unaoonekana katika idara moja mara nyingi umesababishwa na utaratibu ulioko kwingine: ngazi za mishahara, namna ya kusaili, au meneja ambaye hakuna anayethubutu kumtaja.

Anza na wanaoondoka. Kiwango cha kuondoka hupatikana kwa kugawa idadi ya walioacha kazi katika mwaka kwa wastani wa idadi ya waajiriwa wa mwaka huohuo, kisha kuzidisha kwa 100, hivyo kwamba idara yenye watu 40 iliyopoteza 8 ina kiwango cha asilimia 20. Hesabu hiyo ni nyepesi, na ndiyo sababu hupendwa sana katika taarifa za bodi, lakini ikiachwa peke yake haikuelekezi popote. Asilimia 20 ileile yaweza kutokana na nafasi nane zilizobaki wazi mara moja kila moja, au nafasi mbili zilizobaki wazi mara nne kila moja. Katika hali ya kwanza una haki ya kuuliza kuhusu mishahara na njia za kupanda cheo kwa idara nzima. Katika hali ya pili, hata ukiongeza mishahara ya wote, nafasi hizo mbili zitaendelea kumeza watu, kwa kuwa tatizo limo ndani ya kazi zenyewe au kwa anayezisimamia. Watenganishe pia walioondoka kwa hiari na walioachishwa, na waliodumu miezi michache na waliokaa miaka. Anayeacha kazi kabla hata kipindi cha majaribio hakijaisha mara nyingi aliahidiwa kazi moja akakuta nyingine, na kosa hilo litafutwe katika tangazo na usaili. Aliyeondoka baada ya miaka mitano amekuwa na muda wa kutosha wa kuona nani hupandishwa na nani hurukwa.

Usitegemee sana mahojiano ya kuaga. Mtu anayeondoka bado anauhitaji udhamini wa meneja wake kwa mwajiri ajaye, basi ataandika kwamba amepata maslahi bora na kuwatakia wote heri. Utajifunza zaidi kwa kuzungumza na waliobaki, na kwa kutazama maombi ya uhamisho wa ndani: idara ambayo watu wanaomba kuitoka bila kuihama kampuni inakwambia jambo ambalo hakuna dodoso litakalokwambia.

Kuhusu mishahara, lipo jambo moja ambalo mgeni hulikuta karibu kila mahali. Bei ya ujuzi katika soko la ajira hupanda kwa kasi kuliko nyongeza ya kila mwaka ya kampuni, na matokeo yake ni kwamba anayeajiriwa leo hulipwa sawa na aliyemtangulia kwa miaka sita, wakati mwingine zaidi, huku yule wa zamani ndiye anayetakiwa kumfundisha. Panga majina ya wenye cheo kimoja kwa tarehe ya kuajiriwa, weka mshahara wa kila mmoja pembeni, nawe utaiona hali hiyo katika ukurasa mmoja. Viongozi wengi hujifariji kwamba mishahara ni siri, jambo ambalo wafanyakazi wenyewe hulicheka. Isitoshe, sheria zinabadilika: Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 agizo la uwazi wa mishahara, linalozitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba mwombaji anajulishwa mshahara wa kuanzia au kiwango chake mapema, na kwamba mwajiri hamwulizi alikuwa akilipwa kiasi gani alikotoka. Hata pale ambapo agizo hilo haligusi, ni busara kuwa na majibu kabla ya maswali.

Usaili unastahili muda wako kuliko jambo lingine lolote, kwa kuwa hapo ndipo kampuni hujidanganya kwa urahisi zaidi. Mameneja wazoefu huamini kwamba wanaweza kumtambua mfanyakazi bora kwa mazungumzo ya nusu saa. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na usaili uliopangwa ukatabiri utendaji wa kazi vizuri zaidi kuliko mazungumzo huria. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu hizo kwa uangalifu zaidi. Makadirio ya njia nyingi yakashuka, lakini usaili uliopangwa ukapanda hadi juu ya orodha. Kupanga usaili hakuhitaji fedha: maswali yawe yaleyale kwa waombaji wote, yatokane na kazi yenyewe, viwango vya alama viandikwe kabla ya mwombaji wa kwanza kuingia, na kila msaili atoe alama zake peke yake kabla jopo halijaanza kujadiliana. Sharti hili la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi, maana mkubwa akishasema "huyu nimempenda", alama za wengine humfuata. Kusanya karatasi zao za alama kwanza.

Programu za kuchuja wasifu zitaletwa kwako kama suluhisho la wingi wa maombi. Kumbuka kwamba mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti jinsi Amazon ilivyoachana na mfumo wake wa majaribio wa kupima wasifu, baada ya kuonekana kwamba ulikuwa ukiwashusha wanawake kwa sababu ulijifunza kutokana na maombi ya miaka kumi ambayo mengi yalitoka kwa wanaume. Programu ya namna hiyo hurithi maamuzi ya wakubwa waliotangulia na kuyatekeleza kwa kasi.

Halafu kuna suala la mameneja wenyewe, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, na ndilo linaloepukwa. Utafiti wa Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wafanyakazi wa mauzo ulionyesha kwamba kampuni hupandisha zaidi wauzaji bora, ilhali mauzo makubwa ya mtu kabla ya kupandishwa yaliendana na matokeo hafifu zaidi ya wale aliokuja kuwaongoza. Kampuni hivyo hupoteza muuzaji hodari na kupata meneja dhaifu kwa uamuzi mmoja. Njia ya kutokea ni kuwa na ngazi mbili za kupanda, moja ya usimamizi na nyingine ya utaalamu, zenye mishahara inayolingana kweli. Nasisitiza "kweli", kwa sababu nimeona ngazi za utaalamu zilizokuwa vyeo vya maneno tu, na hakuna aliyezitaka.

Kazi ya nyumbani imezua mabishano mengi kuliko inavyostahili. Jaribio lililofanywa katika Trip.com, kampuni ya China ya huduma za usafiri, na kuchapishwa mwaka 2024, likihusisha wafanyakazi zaidi ya 1,600, lilionyesha kwamba kuruhusiwa siku mbili za nyumbani kwa wiki kulipunguza kuacha kazi kwa theluthi moja, bila kushusha tathmini za utendaji. Hao walikuwa wahandisi na watu wa masoko na fedha. Usiyahamishie matokeo hayo kwa wanaosimamia mitambo.

Ukishajua tatizo lilikozaliwa, usilipeleke kwa uongozi kama lalamiko jipya. Omba idara moja ya kujaribia, kubalianeni mapema ni takwimu ipi itaangaliwa na baada ya muda gani, na iandikwe pia ni matokeo yapi yataonyesha kwamba ulikosea. Na utakapowasilisha majibu ya wafanyakazi kwa dodoso lako, usitoe matokeo ya kundi lenye watu watatu au wanne kama kundi linalojitegemea. Liunganishe na lingine, kwani meneja atamtambua aliyesema nini kabla hujamaliza kusoma ukurasa wa kwanza, na mwaka utakaofuata dodoso lako litarudi likiwa na sifa tupu.