Barua kwa mwanangu: watoto watatu na nafasi ya sita

Mwanangu Mwanaidi,

Umeuliza kama hapo Makorora, Tanga, mumkatie kila mtoto bima yake au mchukue ya kaya, maana bodaboda ya mumeo siku nyingine hairudishi hata mafuta. Chukueni ya kaya.

Toto Afya Kadi, ile bima ya mtoto mmojammoja, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Watatu ni 151,200, na nyie wawili bado mko nje. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja ukasitishwa, kwani wengi waliletwa wakiwa tayari wagonjwa. Upatu gani huo, kila mtu anaingia siku ya kupokea? CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii unaokatia kaya nzima, ilipoanza, kaya ya watu sita ilichangia 30,000. Lakini Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023 na vitita vya bima vikapangwa upya, kwa hiyo bei ya leo kamuulize mwandikishaji wa mtaa, si jirani. Muulize pia kadi inaanza kufanya kazi lini. Akikupa namba ya kumbukumbu ya malipo, lipia hiyo. Hela ya mkononi usitoe.

Nafasi ya sita, mwandikishaji akikubali, mpe mama mkwe, yeye ndiye wa kliniki ya presha kila mwezi. Huyo uliyembeba asikutie haraka: mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wana msamaha kwenye vituo vya serikali. Ila weka akiba kidogo, dawa ikikosekana dirishani utaifuata duka la dawa.

Kinachokwamisha watu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani, kitambulisho cha NIDA cha baba kinasema Athuman. Herufi moja tu, na utazungushwa wiki nzima. Vitandaze vyote mkekani, usome jina herufi kwa herufi kabla hujatoka nyumbani.

Mtoto akiumwa, anzeni Kituo cha Afya Makorora. Ikibidi hospitali ya Bombo, nendeni na karatasi ya rufaa, la sivyo dirishani mtaambiwa mlipe taslimu. Dharura ni jambo jingine, hiyo kimbizeni moja kwa moja.

Tarehe ya kadi kuisha iandike ukutani, pembeni ya kalenda ya Ramadhani. Na yule wa pili, cheti chake kimeandikwa Hamisi au Hamis? Nijibu kabla hujaenda.

Mama yako,
Bagamoyo